Mkoromo wa Dungu la Ngwele

Mkoromo hauna mwenyewe. Bibi Nuru binti Shomari aliitamka methali hiyo alasiri moja uani kwake, vijana sita wakiwa wamezunguka ungo, wanamenya karanga za harusi ya jirani. Jikoni maziwa yalikuwa yamefurika yakaungua. Kila mmoja aliisikia harufu, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kueleza kwa nini si yeye aliyeachiwa sufuria. Maneno yalipoanza kuwa makali, Bibi Nuru akacheka kwa pua, akasema alichosema, akaendelea kumenya.

"Bibi, hiyo umeitunga sasa hivi," alisema msichana mmoja.

"Au ni ile ile ya nyani haoni kundule, umeivisha nguo nyingine," akadakia kijana wa kando yake.

"Siyo," alijibu Bibi Nuru. "Nyani haoni, kwa hiyo ana udhuru. Huyu wangu anasikia vizuri sana, tena anaapa."

Wakamwomba awaeleze ilikotoka. Bibi Nuru hakuwa mtu wa haraka, wala hakupenda kukatizwa. Alipepeta maganda yaliyokuwa mapajani mwake, akahakikisha kwamba kila mkono una karanga, ndipo akawasimulia namna methali hiyo ilivyozaliwa.

Katika bonde la Nyakitope mto hufurika kila mwaka na kuacha udongo mweusi, na watu hulima mpunga. Mpunga ukianza kutoa masuke, kijiji huhama. Nyumbani hubaki kuku na wale wasioweza kupanda ngazi. Wengine wote huenda kuishi mashambani, kwenye madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ndefu, ili waamie ndege wasile mpunga. Kwelea si ndege wa mzaha. Hushuka kwa maelfu, asubuhi na alasiri, na shamba la mtu aliyesinzia hubaki mabua matupu. Kwa hiyo mume hukaa huku na mke kule, mmoja anavuta kamba zilizofungwa makopo, mwingine anarusha madonge ya udongo kwa kombeo, na wote wawili wanapiga kelele mpaka sauti zinakauka.

Dungu lenyewe ni chumba kimoja. Sakafu yake ni fito, paa lake ni makuti, na mume na mke hulala humo bega kwa bega. Hapo ndipo ilipokuwa taabu ya Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa mke wa Ngwele kwa miaka kumi na tisa, na walikuwa na binti mmoja, Siwa, aliyekwisha kuolewa ng'ambo ya mto. Ngwele alikuwa mume mwema. Nyinyi wasichana mkimpata wa namna ile, msiulize maswali mengi. Hakuwa mkali, hakuwa mchoyo, na akivua samaki, kichwa kilikuwa cha mkewe. Ila alikoroma.

Sasa, kuna kukoroma na kukoroma. Wapo wanaopiga misono tu, pumzi inaingia inatoka, na mtu wa hivyo unaweza kulala naye vizuri. Wapo wanaoforota, pua inalia kama inataka kupiga chafya isiyokuja, na hao ukiwageuza ubavu hunyamaza. Ngwele alikoroma kwa pua, kwa koo na kwa kifua. Mlio ulianza chini chini, ukapanda, ukafika juu, halafu ukakatika kabisa. Hapo Bi Somoe alishika moyo. Amekufa? Akahesabu moja, mbili, tatu, mpaka nane. Halafu ulilipuka upya, na fito za sakafu zikamtetemesha mgongoni.

Kule kijijini alikuwa na dawa yake. Alichukua mkeka akaenda kulala jikoni. Dunguni atakwenda wapi? Chini kuna tope na nguruwe mwitu. Msimu ule, kwa mwezi mzima, Bi Somoe hakupata hata lepe la usingizi, au ndivyo alivyokuwa akisema. Macho yalimwiva. Uji aliutia chumvi badala ya sukari. Siku moja alimrushia jirani donge la udongo akidhani ni ndege, na jirani mwenyewe alikuwa mtu mnene wa kuonekana toka mbali.

Asubuhi ile ile akamwambia mumewe, "Baba Siwa, unakoroma."

"Mimi?" Ngwele alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi sikoromi, Mama Siwa. Sisi kwetu hatukoromi. Marehemu baba alilala miaka sabini, na sikupata kumsikia hata siku moja."

"Utamsikiaje nawe umelala?"

"Si unaona? Angekuwa anakoroma angeniamsha."

"Basi mlio ninaousikia usiku kucha ni wa nani?"

Ngwele alifikiri. "Vyura," akasema. "Bonde hili lina vyura wengi mwaka huu."

Alikuwa hadanganyi, na hilo ndilo lililomuumiza mkewe zaidi. Mwongo unaweza kumbana akakiri. Mtu anayesema kweli yake utamfanya nini? Bi Somoe alipiga moyo konde, akakunja mkeka wake, akashuka ngazi, akaenda kwenye dungu la kaka yake, Chande, mashamba mawili kutoka hapo. Nia yake ilikuwa kulala usiku mmoja tu, kisha arudi.

Lakini Nyakitope walikuwa na desturi yao. Mwanamke akihama dungu la mumewe, au mwanamume la mkewe, kabla mpunga haujavunwa, hupewa siku tatu. Jua la siku ya tatu likizama hajarudi, ndoa imehesabiwa imekwisha, na kwenda kwa shehe ni kuandika tu. Walikuwa na msemo: aliyekuacha na ndege atakuacha na njaa. Na Ngwele, kwa uchungu wa kuachwa, akatamka mbele ya watu, "Aseme kwamba sikoromi, ndipo arudi." Bi Somoe alipofikishiwa habari hiyo naye akajibu, "Akubali kwamba anakoroma, ndipo nirudi." Maneno yakishasemwa mbele ya watu, wanangu, ni mazito kuyarudisha mdomoni.

Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Bi Somoe alimpenda mumewe. Alimwona kule mbali akivuta kamba peke yake, akikimbia kutoka upande huu wa dungu hadi ule, na moyo ulimuuma. Alihofu. Ataanzaje maisha mapya katika umri ule, kisa mlio wa pua? Lakini pia hakuwa tayari kuitwa mwongo.

Siku ya tatu, mchana, wakati ndege wanapojificha kivulini na watu hupumzika, wazee watatu walikuja kwenye dungu la Ngwele kuamua shauri ambalo Bi Somoe alilipeleka kwao, naye akaitwa. Msemaji alikuwa Mzee Mkumba, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti. Wa pili, Mzee Tindwa, alikuwa mwembamba na mbishi, angeweza kubishana na kivuli chake. Wa tatu, Mzee Kikwembe, alikubaliana siku zote na aliyesema mwisho.

"Wazee wangu," alisema Ngwele, "mimi sitaki maneno mengi. Mkoromo haushikiki, wala hauachi alama. Shahidi ni nani? Ni mke wangu peke yake, naye ndiye mshitaki."

"Kweli," alisema Mzee Tindwa.

"Kweli kabisa," alisema Mzee Kikwembe.

Mzee Mkumba akasugua kidevu. "Basi tutausikia wenyewe. Tukishakula, Ngwele atalala hapa mbele yetu. Sisi tutakaa macho na kusikiliza. Akikoroma, ataomba radhi. Asipokoroma, mkewe ataomba radhi. Jua halitazama shauri hili halijakwisha."

Kwa desturi, aliyeleta shauri ndiye anayewalisha wazee. Na hapo Bi Somoe alifanya kosa lake, kwa maana alipika kwa moyo wake wote. Alipika wali wa nazi wa mchele mpya, kambare kwa mchuzi mzito, mchicha wa karanga, na togwa baridi la kusindikizia. Wazee walikula wakalamba vidole. Mzee Mkumba aliomba ukoko. Mzee Tindwa hakubishana na chochote.

Kisha Ngwele akajinyoosha katikati ya dungu, akafumba macho. Kumbe tangu alfajiri alikuwa akinywa kahawa chungu na kutafuna tangawizi, ili asilale. Wazee wakajipanga ukutani, miguu wameinyoosha, masikio wameyatega. Bi Somoe akakaa mlangoni, juu ya ngazi.

Kimya. Joto la mchana, upepo mdogo kwenye makuti. Bi Somoe alimtazama mumewe, akaona kidole gumba cha mguu kinacheza. Akajua papo hapo kwamba hajalala wala hana nia ya kulala. Wazee watakaa hapa mpaka alasiri, hawatasikia kitu, naye ataambiwa aseme kwamba miaka kumi na tisa alikuwa akisikia vyura. Akiyasema hayo, hataweza tena kujiheshimu. Asipoyasema, hana mume.

Alikuwa bado anawaza hayo mlio ulipoanza.

Ulianzia kwa Mzee Kikwembe. Kidevu kilikuwa kimemwangukia kifuani, na pua yake ilikuwa inapiga mluzi mwembamba, wa adabu. Haikupita dakika, Mzee Tindwa akaungana naye, huyu kwa mikoromo mifupi mifupi ya kukatakata, utadhani bado anabishana. Halafu Mzee Mkumba. Ee, Mola! Mzee Mkumba alivuta pumzi mpaka makuti yakasogea, akaishika, akaishika, kisha akaiachia yote. Kata ya togwa ikaanguka.

Ngwele alifumbua jicho moja.

"Mama Siwa," alinong'ona.

"Abee."

"Ni nini hiyo?"

"Vyura," alijibu Bi Somoe.

Ngwele aliinuka taratibu akakaa. Aliwatazama wazee mmoja mmoja, mdomo wazi. Mlio wa Mzee Mkumba ukakatika ghafla, na Ngwele akashika kifua. "Amekufa?"

"Hesabu," alisema mkewe. "Ukifika nane atarudi."

Ngwele akahesabu kwa vidole. Kwenye nane mlio ukalipuka, naye akaruka alipokaa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo.

"Nami huwa hivi?"

"Wewe huwa wote watatu kwa pamoja, Baba Siwa."

"Miaka yote hiyo?"

"Yote."

"Na hukuondoka." Alimshika mkono. "Nisamehe, mke wangu. Pole sana. Mimi sikujua."

Basi lile neno moja ndilo alilokuwa akilitaka Bi Somoe, hakutaka ushindi wala ushahidi. Machozi yalimlengalenga. Pale pale angeufuata mkeka wake, lakini shauri lilikuwa bado mikononi mwa wazee, na wazee walikuwa bado kazini.

Kilichowaamsha ni mkoromo wa Mzee Mkumba mwenyewe. Ulikuwa mkubwa kiasi kwamba alishtuka, akapepesa macho, akawaona Ngwele na mkewe wanamtazama. Alikohoa kwa heshima. Wenzake nao wakashtuka, wakajifuta midomo.

"Naam," alisema Mzee Mkumba. "Tumesikia."

"Tumesikia vizuri sana," alisema Mzee Tindwa.

"Mimi sijapata kusikia mkoromo wa namna ile tangu nizaliwe," alisema Mzee Kikwembe.

"Ngwele, mwanangu," Mzee Mkumba akaendelea, "unakoroma. Omba radhi."

"Radhi nimekwisha kuiomba, mzee wangu," Ngwele alijibu. "Lakini leo sikulala hata kidogo."

"Ndivyo wanavyosema wote. Mtu aliyelala hajijui."

Hapo Bi Somoe angeweza kunyamaza. Alikuwa ameshinda. Lakini mtu aliyekuwa tayari kupoteza mume kwa ajili ya ukweli hawezi kumpata kwa uongo. Akainamisha kichwa, akasema, "Wazee wangu, mnisamehe. Mume wangu hakulala. Waliokoroma ni nyinyi."

Mzee Mkumba akavimba. "Mimi? Mimi nilifumba macho ili nisikie vizuri! Aliyekoroma ni Tindwa, nilimsikia kwa masikio yangu."

"Mimi!" Mzee Tindwa akasimama, kichwa kikagonga boriti. "Mimi niliyekesha hapa nikikusikiliza wewe ukitingisha nguzo! Wallahi sikulala."

"Na mimi niliwasikia nyote wawili," alisema Mzee Kikwembe, "ila nilinyamaza kwa heshima."

"Wewe nyamaza kabisa, pua yako ilikuwa inapiga filimbi!" Mzee Tindwa akafoka.

"Pua yangu? Naapa kwa mama yangu mzazi!"

Waliapa wote watatu. Waliapa kwa Mungu, kwa makaburi ya wazee wao, kwa mpunga uliokuwa shambani. Kila mmoja alikuwa amemsikia mwenzake, na hakuna aliyejisikia. Majirani kwenye madungu ya karibu walitoka nje kutazama, wakidhani ndege wameshuka mapema. Mwisho Mzee Mkumba, jasho likimtoka, akainua mkono.

"Basi! Hukumu ni hii. Mkoromo umesikika, hakuna anayekataa. Na kila aliyekuwemo humu ameapa kwamba si wake. Kwa hiyo mkoromo hauna mwenyewe. Mama Siwa, kalete mkeka wako kabla jua halijazama, nasi tusilizungumze tena jambo hili popote."

Bi Somoe alivumilia mpaka akafika chini ya ngazi. Huko alicheka mpaka akakaa chini kwenye tuta. Njiani alikuwa akitikisa kichwa. Watu wazima wale, wenye ndevu, hawazijui hata pua zao! Aliona huruma kidogo juu yao. Akamshukuru Mungu kwamba yeye angalau hakuwa na kasoro ile.

Alipofika kwenye dungu la kaka yake, alimkuta wifi yake, Mwanaheri, amekwisha kuukunja mkeka na kuufunga kamba, anashuka nao ngazi kwa haraka.

"Wifi! Mmepatana? Alhamdulillahi! Chukua, chukua, usichelewe."

"Mbona unanifukuza?"

"Nani akufukuze, wifi yangu? Jua hilo linateremka."

Chande alikuwa amelala chini ya dungu, juu ya gunia, pembeni ya tope, saa ambayo ndege walikuwa karibu kushuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kaka, unaumwa?"

"Siumwi, dada. Ni usingizi tu. Siku tatu hizi..." Akamtazama mkewe.

"Siku tatu hizi kuna nini?"

Mwanaheri alitazama pembeni. "Wifi, mimi sina neno. Ila tangu uje, shambani kwetu hajatua ndege hata mmoja kabla ya jua kuchomoza. Jirani yetu ametuuliza tumeinunua wapi ngoma ile."

"Mimi?" alisema Bi Somoe. "Mimi sikoromi, wifi. Sisi kwetu hatu..."

Sentensi ikamfia mdomoni. Kaka yake, mtoto wa baba mmoja na mama mmoja, alikuwa anamtazama tu. Bi Somoe akauchukua mkeka, akauweka kichwani, akaondoka bila kuaga vizuri.

Ngwele alimwona toka mbali, akashuka kumpokea. Jua lilikuwa linagusa masuke ya mpunga. Alimpokea mkeka, na Bi Somoe akasimama pale pale, hakupanda.

"Baba Siwa, nikuulize kitu, unijibu kweli. Mimi nakoroma?"

Ngwele alikuna kichwa. Aliitazama ngazi, akatazama shamba.

"Niambie."

"Alfajiri," alisema Ngwele. "Ninapoamka kwenda kuwahi ndege, wewe ndipo unapozama usingizini. Wakati mwingine nikiwa kule mwisho wa shamba nakusikia."

"Mwisho wa shamba! Miaka yote hiyo, na hukuniambia hata siku moja?"

"Kwa nini nikuambie?" Ngwele alishangaa tena, mshangao wake ule ule wa kweli. "Nilikuwa nikikusikia najisemea, afadhali, leo mke wangu amelala."

 Bi Somoe aliketi kwenye kipandio cha chini cha ngazi, akajifunika uso kwa upande wa kanga, mabega yakaanza kumtikisika. Ngwele aliinama kwa wasiwasi akidhani analia, na kweli alikuwa analia kidogo, lakini zaidi alikuwa anacheka.

"Mzee Mkumba ametoa hukumu nzuri kuliko anavyojua," alisema alipopata pumzi. Akajifuta macho, akampa mumewe mkono amwinue, wakapanda pamoja. "Mkoromo hauna mwenyewe," akasema, na safari hii alijua vizuri sana ni wa nani.